Kibao Kimoja, Wanawake Thelathini na Mmoja

Ulimwona. Usiniambie hukuwepo, ulikuwepo. Ulikuwa kwenye cherehani ya jirani, au ulikuwa umesimama mlangoni na karatasi zako mkononi, au ulikuwa kwenye kochi nyumbani siku mama yako alipopiga chafya akaganda palepale, mkono ukutani, halafu akaenda chumbani kubadilisha nguo bila kusema neno. Uliona, ukageuza shingo. Ukaangalia dari. Miaka yote hii watu wanaangalia dari, na mpaka leo hakuna aliyenieleza alichokiona huko.

Basi leo geukia huku. Mwanamke huyu wanamwita Bi Kola, kwa sababu miaka ishirini na miwili ameshona kola za mashati, na kola tu. Mikono ya shati haimhusu, mifuko haimhusu. Lakini mpe kola, na hata akiwa anakupa umbea huku ameangalia pembeni, itakaa sawa kama imechorwa. Ana miaka hamsini na mmoja. Hedhi ilimkatika mwaka juzi, akafurahi, akasema sasa nimepumzika. Hakujua kwamba kuna kitu kingine kilikuwa kinasubiri zamu yake.

Mstari wao kiwandani, wa tatu, una wanawake thelathini na mmoja na kibao kimoja. Kibao chenyewe ni kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kimepakwa rangi nyekundu, kina tundu na kamba, kinaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya msimamizi. Ukibanwa na haja unakiomba, unakivaa shingoni, unaenda chooni, unarudi, unakitundika. Kikiwa shingoni kwa mwenzako, wewe subiri. Ukutani pamebandikwa karatasi: HAKUNA KUONDOKA KWENYE CHEREHANI BILA KIBAO.

Nakumbuka siku msumari ule ulipogongwa. Palikuwa na oda iliyochelewa, wakasema ni kwa muda tu, mwezi mmoja, mzigo ukiondoka msumari tunautoa. Mzigo uliondoka. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Msimamizi wa sasa, ambaye wanamwita Kipenga kwa sababu ya kile anachokipuliza tangu asubuhi, siku ile alikuwa bado anavaa kaptula ya shule.

"Mama, hiki kibao kimeshakuzoea," Kipenga alimwambia Bi Kola mwezi uliopita, alipokiomba kwa mara ya sita siku hiyo. "Tukuandikie jina kabisa?"

Mstari mzima ulicheka. Bi Kola naye alicheka, ila kwa uangalifu, maana siku hizi hata kucheka kulikuwa na hesabu yake. Kucheka kidogo, sawa. Kucheka sana, sketi inalowa.

Akajitafutia dawa. Aliacha maji. Tangu alfajiri hadi jioni, hata tone. Ila chai ya rangi, vikombe viwili vikubwa vya asubuhi, hakuiacha, kwa hoja kwamba chai ni kifungua kinywa, si maji. Hoja hiyo aliishikilia kama wakili. Mkojo ukawa mzito na wa kuunguza, na haja ikawa inakuja kama mtu anayepiga mlango kwa teke. Akaona maji bado ni mengi, akaacha na supu.

Jumanne, saa nne asubuhi, kibao kilikuwa shingoni kwa mshona mikono ya mashati, naye alikuwa hajarudi. Bi Kola alikuwa amebana miguu chini ya cherehani, anaangalia mlango. Vumbi la kitambaa likampanda puani. Chafya ya kwanza aliizuia. Ya pili ikamponyoka nusu. Ya tatu haikumuuliza chochote.

Jirani yake, Mama Vifungo, anayekazia vifungo kwenye meza ya kushoto, alikuwa na chupa ya maji sakafuni. Bi Kola aliinama, akaichukua, akaifungua, akajimwagia mapajani. Ilikuwa akili ya haraka, na angeshinda, kama chupa isingekuwa imejaa pomoni. Maji yaliyobaki yaliruka hadi kwenye sinia la kola sitini nyeupe, zilizokwisha kupigwa pasi, za kuondoka siku hiyohiyo.

Kipenga alifika mbio.

"Nani kamwaga?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mkono umeteleza."

"Mkono wa miaka ishirini na miwili umeteleza leo?"

Mama Vifungo alikuwa anahesabu vifungo. Vilikuwa vinne, na alivihesabu kwa muda mrefu sana.

Kabla ya chakula cha mchana Bi Kola alikuwa na barua mkononi. Ajieleze kwa maandishi kwa nini asiachishwe kazi kwa uzembe na kuharibu mali ya mteja. Aje Ijumaa saa tatu, ofisi ya utumishi. Hadi siku hiyo asikanyage kiwandani. Aliisaini akiwa amesimama, kwa sababu hakutaka kuacha alama kwenye kiti chao.

* * *

Nyumbani kwake karakana iko mbele, vyumba viko nyuma. Mume wake ni seremala, wanamwita Fundi, na ni fundi wa kweli, ila tangu watu wagundue viti vya plastiki, ufundi wake umekuwa wa kutengeneza miguu ya meza za zamani. Kodi, unga na umeme vinatoka kwenye kola. Kila mtu pale anajua, na hakuna anayelisema, kwa heshima ya randa.

Chumba cha uani anakaa dada wa Fundi, mjane, mpishi wa bweni la wasichana, mwenye mdomo unaoweza kumenya viazi bila kisu. Mchana ule kaka yake alikuwa amemwita kikao juu ya benchi la kurandia.

"Nina ushahidi," Fundi alisema. "Kwanza, amehama upande wa kitanda. Miaka yote analala ukutani. Sasa anataka mlangoni."

"Ehe."

"Pili, kutembelea watu hataki. Tatu, akirudi kazini, kabla hata ya kunisalimia, anaoga na kufua. Dada, mwanamke anayefua kabla ya salamu ana jambo."

"Kwa hiyo kuna mwanaume."

"Sijasema."

"Umesema kwa pua. Na huyo mwanaume kampendea nini? Kumfundisha kushona kola?"

Fundi alikuwa anatafuta jibu wakati mke wake alipoingia, saa saba mchana, saa ambayo si yake, sketi imekaukia mwilini na karatasi imekunjwa mara nne kwenye ngumi. Fundi akasimama. Alikuwa amejiandaa siku tatu kwa swali lake.

"Mke wangu, nataka kukuuliza jambo, na unijibu ukweli."

"Nimejikojolea kazini," Bi Kola alisema.

Kisha Fundi akashusha pumzi ndefu, uso ukamnyooka, akasema kwa furaha aliyoshindwa kuificha, "Kumbe ni hilo tu."

"Hilo tu?"

"Maana yangu ni..."

"Hilo tu, baba? Wamenipa barua ya kunifukuza. Nimetembea njia nzima nimejifunika mkoba kwa nyuma. Miezi minane sijacheka vizuri ndani ya nyumba hii. Hilo tu?"

"Kaka alifikiri una hawara," wifi alisema.

Bi Kola alimwangalia mume wake, akamwangalia wifi yake, akaangalia ile sketi. Mdomo ukaanza kumtetemeka, na haikujulikana kama ni kilio au ni nini, mpaka ulipopasuka.

"Wifi, usinichekeshe," alisema huku ameshika ukingo wa benchi. "Usinichekeshe, nitawaharibia na mbao."

* * *

Kesho yake asubuhi walikwenda kliniki wote watatu. Fundi alisema hawezi kubaki nyumbani huku mke wake anahangaika, hasa baada ya yale aliyoyawaza. Alikaa kwenye benchi la wanawake, mwanaume peke yake, magoti yamebanwa, kofia mapajani. Walipoitwa naye akasimama.

Nesi alikuwa mtu mzima, miwani puani.

"Baba, wewe una tatizo gani?"

"Mimi ni mume."

"Hilo nalo ni tatizo, ila dawa yake hatuna hapa. Kaa."

Alipima mkojo, akauliza maswali, na aliuliza kwa majina yake, bila kuzungukazunguka. Unavuja ukikohoa? Unavuja kabla hujafika mlangoni? Unaungua? Tendo la ndoa linauma? Hapo Fundi alianza kusoma bango la minyoo ukutani kwa makini sana.

"Kuna maambukizi kidogo, nitakupa vidonge, umalize vyote," nesi alisema. "Lakini hayo mengine ni kukoma hedhi. Ile homoni iliyokuwa inalisha ngozi na misuli ya huko chini imepungua. Ngozi inakonda, misuli inalegea, kibofu kinakuwa na haraka. Si laana, na si kwamba umekuwa mzee wa kutupwa. Kuna krimu ya kupaka ndani, nitakuandikia. Maji unakunywa kiasi gani?"

"Nimeyaacha," Bi Kola alisema, kidogo kwa fahari.

"Umeyaacha." Nesi alivua miwani. "Na chai?"

"Chai si maji."

"Wifi yangu ana msimamo kwenye hilo," wifi alieleza.

"Umefanya kinyume kabisa, mama. Mkojo mzito ndio unaokichokoza kibofu. Rudisha maji, kidogokidogo mchana kutwa. Punguza chai ya rangi, hiyo ndiyo inayokusukuma. Na mazoezi. Bana misuli ile ya kuzuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Unaweza kufanya ukiwa kwenye cherehani, hakuna atakayejua. Baada ya miezi mitatu utaona tofauti. Lakini kwa sasa, haja ikija, nenda. Usisubiri."

"Kuna kibao," Bi Kola alisema.

"Kibao gani?"

Akamweleza. Msumari, kamba, watu thelathini na mmoja. Nesi aliweka kalamu chini.

"Wewe ni wa tano kutoka kiwanda hicho tangu mwaka uanze," alisema. "Na kila mmoja amenieleza kitu kimoja, kwamba ni yeye peke yake."

Njiani wifi alimwangalia Bi Kola usoni, akasimama.

"Mbona umekaza uso hivyo?"

"Nahesabu mpaka tano."

"Basi tembea taratibu, watu watafikiri una hasira na barabara."

* * *

Alhamisi alasiri, alipotoka zamu, Mama Vifungo alikuja karakanani. Alisimama kwenye maranda muda mrefu kabla ya kukaa, kisha akakaa, akasema alilojia.

"Niliona. Kabla hujachukua chupa, niliona sketi. Nikaangalia vifungo."

"Najua," Bi Kola alisema. "Vilikuwa vinne."

"Niliogopa ukijua nimeona utaona aibu. Halafu nikaogopa wakijua nimeona, wataniangalia na mimi." Akavuta mkoba wake, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara sita, masalia ya mashati, kimeshonwa pembeni kwa mkono safi. "Nakalia hivi. Mwaka wa pili sasa. Mshona mikono naye anacho, ndiyo maana akienda chooni anachelewa, anabadilisha."

Wifi alikikagua kile kitambaa. "Umekazia vizuri," alisema. "Ungeweka na kifungo."

Walicheka, wawili kati yao kwa uangalifu.

Karatasi tupu ilikuwa juu ya benchi, kalamu juu yake. Fundi alikuwa na maoni. "Andika mkono uliteleza, unaomba radhi, hutarudia. Wakubwa wanapenda radhi. Tutakula nini wakikutoa?"

"Nikiandika uliteleza, nimekubali uzembe. Na Jumatatu nitateleza tena."

"Sasa uandike lile lenyewe? Kwenye faili? Watasoma watu, mke wangu."

"Wasome. Mimi nimelivaa barabarani."

Fundi alichukua penseli nyuma ya sikio, akaigeuzageuza, kisha akamgeukia Mama Vifungo na swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Hicho kibao. Kiganja kama changu au kama chako?"

"Kama changu."

"Unene?"

"Kidole. Pembe moja imekatwa vibaya, imeenda upogo."

"Mtu asiye fundi," Fundi alisema, kwa uchungu wa kweli. "Na kwenye ile karatasi ya ukutani, wameandika kibao kiwe kimoja?"

Bi Kola na Mama Vifungo waliangaliana. Miaka kumi na minne waliisoma karatasi ile kila siku, na Mama Vifungo alilazimika kufumba macho aione vizuri. "Wameandika hakuna kuondoka bila kibao. Basi."

Fundi aliinuka akatafuta mbao. Alikuwa na masalia ya kutosha, hayo hayakosekani kwa seremala asiye na oda. Alikata thelathini kabla jua halijazama, na vyote, baada ya kuumia moyoni, alivikata pembe moja upogo ili vifanane. Dada yake alipaka rangi, Mama Vifungo alitia kamba. Na Bi Kola aliandika barua yake pembeni, polepole, ulimi umetoka kidogo, sentensi tano.

Jioni Mama Vifungo aliondoka na mfuko, akapita nyumba kwa nyumba.

* * *

Ijumaa, kipenga cha kwanza kilipolia, wanawake thelathini walikuwa wamekaa kwenye cherehani zao, kila mmoja na kibao chekundu shingoni. Kile cha zamani kilikuwa bado msumarini, kinaning'inia peke yake kama mgeni.

Kipenga alipita mstari mara mbili. Kwanza alifikiri ni mambo ya macho.

"Hivi ni nini?"

"Kibao," alisema mshona mikono.

"Najua ni kibao. Mmevipata wapi?"

"Kwani sheria inasema tuvipate wapi?"

Alikwenda kuisoma karatasi. Aliisoma neno kwa neno, akarudi, akaisoma tena, kana kwamba ingeongezeka. Nyuma yake mwanamke mmoja alisimama, akaenda chooni, akarudi. Wawili wakaenda, wakarudi. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyekaa huko, maana choo kile si mahali mtu anapotamani kukaa. Saa tatu Kipenga alihesabu mashati ya asubuhi, akiwa na uhakika kwamba hapo ndipo atawashika. Yalikuwa yale ya kila siku, na tisa zaidi.

"Sasa nimpe nani onyo?" alimuuliza Mama Vifungo, na kwa mara ya kwanza alionekana wa umri wake.

"Kaa kwanza, mwanangu," Mama Vifungo alimwambia. "Umesimama tangu asubuhi. Umekunywa maji?"

Saa hiyohiyo Bi Kola alikuwa juu, ofisi ya utumishi. Bibi wa utumishi alikuwa rika lake, koti jeusi, nywele zimepangwa vizuri, feni inamwelekea yeye peke yake. Mezani, karibu kuliko kalamu, palikuwa na ufunguo wenye kamba ya bluu, wa choo cha ofisi. Aliisoma barua.

*Sikumwaga maji kwa uzembe. Nilimwaga kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimejikojolea nikaona aibu. Nilijikojolea kwa sababu hedhi imekoma, kibofu kina haraka, na kibao kilikuwa kwa mwenzangu. Kola sitini nitazifua na kuzipiga pasi mwenyewe leo. Kibao sitakisubiri tena.*

Alipomaliza aliangalia dari. Bi Kola alimsubiri arudi.

"Mama, haya mambo hayaandikwi," bibi wa utumishi alisema mwishowe.

"Nyie ndio mlisema nijieleze."

"Ungesema hujisikii vizuri tu."

"Nilijisikia vizuri. Nilichokosa ni njia ya kupita."

Bibi wa utumishi aliisogeza barua, akaisogeza tena. Alikohoa kidogo, na alipokohoa alikaza uso, akatulia, mkono ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Bi Kola aliuona uso ule. Aliufahamu vizuri kuliko kola. Hakuangalia pembeni.

"Hesabu mpaka tano," alimwambia taratibu. "Halafu achia."

Feni ilizunguka. Bibi wa utumishi alichukua kalamu, akaandika chini ya barua kwamba maelezo yamepokelewa, shauri limefungwa, na msumari wa mstari wa tatu utolewe. Alipiga muhuri. Kisha akavuta kikaratasi kidogo, akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu kwenye droo.

"Huyo aliyekufundisha kuhesabu," alisema, "yuko wapi? Anafungua saa ngapi?"

Mchana ule Kipenga mwenyewe aliung'oa msumari kwa koleo. Bi Kola alirudi kwenye cherehani yake, chupa ya maji sakafuni, uso umekazwa, anahesabu. Jioni mume wake alimuuliza imekuwaje, na alipomsimulia habari ya Kipenga kuisoma karatasi mara mbili, Bi Kola alicheka mpaka akalazimika kwenda chooni, akaenda, akarudi, akaendelea kucheka palepale alipoachia.

Naijua sura yako sasa hivi. Umefurahi, unataka kufunga ukurasa. Ngoja. Mstari wa tatu tu ndio uliofunguliwa. Wa kwanza, wa pili na wa nne bado ina misumari yake, na vibao vyake, na ile "kwa muda tu" ya miaka kumi na minne. Na kwako je? Ufunguo wa choo cha kazini kwako uko mfukoni kwa nani? Dukani kwako, shuleni kwako, ofisini kwako, nani anaombwa ruhusa? Usinijibu mimi. Inuka ulipokaa, nenda kauchukue ufunguo huo, uache mlango wazi. Ukikuta msumari, ung'oe. Ukirudi nyumbani mpigie mama yako, umuulize jambo hili kwa jina lake, bila kuzungukazunguka, na akinyamaza usiangalie dari. Leo, kabla ya kipenga.